Unga Uliolala kwa Majirani

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, unga wa Siméon Kitsa ulikuwa bado umelala. Mabeseni manane yalipangwa juu ya saruji ya banda jipya nyuma ya nyumba, kila moja limefunikwa kitambaa kilichofuliwa jana, na chini ya kila kitambaa unga wa mikate uliokandwa ulikuwa pale pale alipouacha saa kumi na moja alfajiri. Siméon alifunua beseni la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili. Alipomaliza la nane alirudi kwa la kwanza, labda lingekuwa limeona haya na kubadili nia.

"Solange!" aliita. "Kuya uone. Hii unga inakatala."

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Akabonyeza unga kwa kidole. Tundu la kidole lilibaki vilevile.

"Iko baridi kama chura," alisema. "Uliweka levire?"

Levire ndiyo hamira, na bila hiyo mkate ni tofali tu. Siméon alikuwa ameiweka.

"Niliweka vile Ananie alinionyesha. Bipimo ni byake, saa ni yake, byote ni byake."

Walitazamana, kwa maana wote wawili walijua siku ile ilibeba nini. Saa kumi mchana Sœur Victoire, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, angekuja kuchukua mikate mia mbili ya sikukuu ya shule. Sista hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. "Kama ni mizuri," alikuwa amesema, "kuanza Lundi utanipikia kila siku. Kama ni mibaya, tutabakia marafiki." Na kama wangebaki marafiki, Siméon angepanda lori la tajiri Mathe Jumatatu hiyo hiyo, kwenda kubeba kakao huko Mabalako. Mathe alikubali kumwekea nafasi mpaka Jumatatu asubuhi, si zaidi.

Kuhusu barabara ya Mabalako, ambako watu walikwenda na wengine hawakurudi, Solange alisema neno moja tu: "Hapana." Kisha akauza vitenge vyake sita vya harusi, akanunua matofali ya tanuri. Hakuwa mwanamke wa hotuba.

Kwa miaka kumi na miwili Siméon alikuwa dereva wa shirika moja, akiendesha jeep nyeupe yenye antena ndefu, akingoja wageni kwenye uwanja wa ndege wa Rughenda na kioo cha dirisha kimepandishwa kwa ajili ya vumbi. Mwezi wa tatu mradi ulifungwa. Jeep iliondoka na bendera yake, Siméon akabaki na shati lenye nembo. Akiwa na miaka arobaini na sita alikwenda Beni kwa kaka wa mkewe, Ananie, fundi wa mikate, akabeba mifuko ya unga kwa miezi miwili huku vijana ambao angeweza kuwazaa wakimwita stagiaire, yaani mwanafunzi wa kazi. Alivumilia. Alirudi Butembo na daftari lililojaa vipimo, akajaribu mara tatu jikoni kwa Solange, beseni moja moja, na mara tatu mkate ulitoka mzuri.

Solange alikuwa ameshika simu tayari.

"Ananie! Ulimufundisha bwana yangu nini? Unga imekufa!"

"Alitumia maji gani?" sauti ya Ananie iliuliza kutoka Beni.

"Ya baridi!" Siméon alipiga kelele juu ya bega la mkewe. "Ya mutungi! Si wewe ulisema maji ikuwe baridi, unga isipande mbio?"

Kikaja kicheko, kirefu, cha mtu anayelazimika kutafuta mahali pa kukaa.

"Shemeki, hapa ni Beni! Maji yetu ya baridi njo maji yenu ya kuoga. Kwetu unga inavimba yenyewe, kama mutu mwenye walimukosea. Mais wewe uko ku mulima, mwezi ya saba, na uliweka mabeseni wapi?"

"Ku ciment," Siméon alisema polepole.

"Ku ciment! Na zile siku ulijaribu?"

"Ku jikoni. Kando ya sufuria ya maharagi."

"Donc maharagi njo ilikuwa fundi. Sikia, unga haikufa. Inasikia baridi. Itafutie joto, na mbio."

"Joto ya wapi, Ananie? Mabeseni munane!"

"Mbona unaniuliza mimi? Nani analala mu Butembo bila blanketi?"

*

Mabeseni mawili yaliingia jikoni. La tatu lilipewa kitanda cha wenye nyumba, na mablanketi yao yote. Matano yakabaki juu ya saruji, na yangetetemeka, kama unga ungejua kutetemeka.

"Enda kwa bajirani," Solange alisema.

Siméon alitazama ua. Kwenye mlango wa ile jeep kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: abiria asiye wa shirika haruhusiwi. Siméon aliitii karatasi ile kwa miaka kumi na miwili. Majirani walimwona akiwapita kwenye matope, kwenye jua, wakiwa na wagonjwa na wakiwa na mizigo, na kila mara aliwainulia mkono kwa adabu. Sheria ni sheria, hilo kila mtu alilielewa. Lakini hakuna karatasi iliyomwagiza apandishe kioo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, husema wahenga. Siméon hakumtukana mtu yeyote, alipita tu, na leo aliona kwamba kupita nako kunatosha.

"Enda wewe," alimwambia mkewe. "Wewe banakupenda."

"Njo maana ni wewe unapashwa kwenda."

Akaanza na nyumba iliyo karibu, kwa Benoît, karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Kikwit, mji wa joto. Benoît alikuwa Butembo mwaka wa tatu na hajapata joto hata siku moja. Alifungua mlango amevaa kofia ya sufu na koti juu ya koti.

"Papa Benoît, samahani. Niko na shida. Ni unga yangu."

"Unga inafanya nini?"

"Inasikia baridi."

Uso wa Benoît uling'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi.

"Yolande! Oyoki? Hata unga! Kila siku banasema Benoît anajifanya, Benoît ni mutu ya kulalamika. Mais hata unga! Malili ya awa ekoboma biso nyonso!" alilia kwa Kilingala, kwamba baridi ya hapa itawaua wote.

Mkewe, Yolande, alikuwa tayari anavuta mablanketi kitandani. Kulikuwa na manne, moja zito kama lango. "Leta beseni mbili," alisema. "Tatu hapana, kitanda itavunjika. Na wewe Benoît acha kuhubiri, beba." Mgeni njoo, mwenyeji apone: katika mtaa mzima hakuna aliyejiandaa kwa baridi kama watu wale wa Kikwit. Yolande aliyalaza mabeseni mawili katikati ya kitanda chake cha ndoa, akayafunika na kukunja pembe chini ya godoro, kama wanavyolazwa watoto wenye homa.

Ng'ambo ya barabara Nadège alikuwa anafungua salon yake ya nywele. Alisikiliza bila kucheka, na hilo lilimgharimu. "Niko na kaske mbili," alisema. "Ingiza." Akawasha jenereta, akaweka beseni moja chini ya kila kaske ya kukausha nywele, akapunguza moto. Mteja wa saa tatu alipofika na rolo zake kichwani, alikuta viti vyote vina watu.

"Nadège, huyu ni nani amenipita ku foleni?"

"Ni bibi harusi, mama. Ngoja kidogo."

Beseni moja likabaki. Siméon alitaka kulibana jikoni kati ya hayo mawili. Solange alilichukua, akampa mikononi, akamgeuza mabega kuelekea mwisho wa avenue, ambako nyumba ilikuwa moja tu: ya Mukaka Kahongya. Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, na mtaa wote ulimwita mukaka, yaani bibi, hata wale aliokuwa hawapendi.

"Hodi, Mukaka. Wavukire," alisalimu kwa Kinande.

"Ni nani?" bibi aliuliza, ingawa alikuwa amemwona tangu anaanza kutembea.

"Ni mi, Siméon."

"Siméon ya jeep?"

"Jeep ilirudia kwa benyewe."

"Ahaa. Sasa unatembea na miguu. Vumbi inakuambia nini?"

Beseni lilikuwa zito. Kahongya alitoka kizingitini, akasimama mbele yake, mfupi, amenyooka.

"Mwaka ile, ku kona ya barabara ya Vuhovi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na mukungu ya ndizi ku mugongo, kamba ku kipaji. Nikasikia gari. Nikasema, Mungu aksanti, ni mutoto ya kwetu. Ulipita. Uliniinulia mukono hivi." Akainua kiganja chake, kwa adabu, kama mkubwa anayesalimia wananchi. "Nikajiambia: huyu mutoto balimulea muzuri. Anasalimiaka."

Siméon alikuwa na sababu tano, zote za ofisi. Alianza na ya kwanza.

"Mukaka, bureau ilikuwa inakataza..."

"Najua. Bureau."

Mikono ilimuuma, na masikio yalikuwa ya moto. Zile sababu nyingine nne zilimwisha mdomoni.

"Hapana," alisema. "Haikukuwa bureau. Ni mimi. Nilikosa, Mukaka. Unisamehe."

Bibi alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akatazama beseni.

"Ingiza, usimwangushe."

Ndani alifungua sanduku, akatoa blanketi jekundu lenye picha ya chui, limefungwa ndani ya nailoni. Alikuwa amelitumia na mumewe, na siku ya mazishi alilifua, akalifunga, asilifungue tena. Alilitandaza. Akaonyesha upande wa ukutani.

"Muweke pale. Njo fasi ya muzee. Haina mutu."

Siméon alilaza beseni mahali pa marehemu. Aibu na shukrani vilimpata kwa pamoja, hata asijue ajibu kipi kwanza.

"Sasa enda," bibi alisema. "Nitakuita."

*

Kufikia saa tano habari zilikuwa zimefika sokoni. Watu walipita mbele ya salon ili tu kuona unga umetiwa kaske. Yolande alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akifunua pembe ya blanketi kila robo saa, na kila mara Benoît aliuliza kutoka sebuleni: "Anaendelea je?" kama aliye nje ya chumba cha uzazi.

Na unga uliamka. Kwanza ule wa jikoni, kando ya maharagwe yake ya zamani, halafu wa kitandani kwa Solange, halafu wa kwa Yolande na wa kwa Nadège. Yolande alivuka ua na beseni kichwani. Benoît alimfuata na la pili kifuani, akatua bandani anahema, akavua kofia ya sufu. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mwangalie," Yolande alisema. "Myaka tatu! Kumbe dawa yake ilikuwa kazi."

Nadège alifunga salon, akaja na yake mawili na mteja wake, ambaye nywele zake zilikuwa bado zimelowa lakini hakutaka kukosa mwisho. Wote walinawa mikono. Siméon alifungua daftari ili awaeleze jinsi ya kukata na kuviringa, akatafuta ukurasa, na alipoupata, Solange na Yolande walikuwa wamemaliza beseni la pili. Akalifunga daftari. Akaenda kwenye tanuri, kwa kuwa moto wa mikaratusi angalau ulikuwa unamsikiliza.

Lakini beseni la Mukaka Kahongya halikuja. Saa sita Siméon alikwenda akakuta mlango umefungwa.

"Bado!" sauti ilitoka ndani. "Hajashiba usingizi."

Saa nane akarudi.

"Mukaka, sœur anakuja saa kumi!"

"Unamupima na saa ya jeep? Nilisema nitakuita."

Sœur Victoire alikuja saa tisa na nusu. Alishuka kwenye pickup ya shule, akasalimia watu mmoja mmoja, akasimama mbele ya mbao ambapo mikate ilipangwa. Ilikuwa mia na sabini na mitano. Mingine ilikuwa mirefu, mingine imevimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Sista alichukua mmoja, akaunusa, akaunusa tena.

"Siméon. Hii inanuka mafuta ya nywele."

"Ma sœur, ni usafi," Nadège alisema kutoka nyuma.

Sista alimega, akatafuna bila haraka. Akamega mwingine, wa kitanda cha Yolande. Hakusema mzuri, hakusema mbaya.

"Nilisema mia mbili."

"Ndiyo, ma sœur. Makumi mbili na tano inabakia..." Siméon alitazama mwisho wa avenue. Alikuwa ameanza kuiona barabara ya Mabalako, kila kona yake, na uso wa Solange anaposikia lori linawashwa.

Hapo ndipo Mukaka Kahongya alipotokea. Alikuja polepole, kamba kwenye kipaji cha uso, beseni mgongoni limefungwa ndani ya blanketi jekundu, chui anatazama anga. Hakumruhusu mtu ampokee. Alitua mwenyewe, akafungua mwenyewe. Unga ulikuwa umejaa mpaka ukingoni na kuzidi, laini, umejaa pumzi, umesukuma kitambaa chake pembeni.

"Amelala hata akashiba," alisema. "Sasa mufanye kazi yenu."

Na Sœur Victoire, ambaye mtaa mzima ulijua hangoji mtu, aligeuza kreti, akakaa. Walikata, wakaviringa, wakaacha mikate ipumzike kando ya tanuri, wakaioka. Solange alileta chai. Mikate ilipotoka, Sista hakungoja ipoe. Aliumega mmoja, mvuke ukampanda usoni, akala wote, mpaka makombo ya kiganjani.

"Hii," alisema. "Hii njo nilikuwa natafuta. Ililala wapi?"

"Fasi ya muzee," Kahongya alimjibu.

Sista hakuelewa, ila alitikisa kichwa kwa heshima. "Siméon, Lundi saa kumi na mbili na nusu nataka mia moja. Na zote zikuwe kama hii. Ile ya nywele mule wenyewe."

Pickup ilipoondoka, Siméon alipiga simu palepale, mbele ya watu wote. "Patron Mathe? Ni Siméon. Ile fasi, pea mwingine. Aksanti kwa kuniwekea." Solange aliingia jikoni kwa haraka kana kwamba kitu kinaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Alikaa humo muda, na alipotoka alikuwa amenawa uso.

Siméon alipanda juu ya kreti ya Sista. Katika shirika, kila kazi ilipokwisha palikuwa na hotuba, naye alikuwa amesikia nyingi akiwa mlangoni na funguo mkononi. Alifungua mdomo. Alimwona Yolande na unga mpaka kwenye viwiko, Benoît na kofia mfukoni, Nadège, yule mama wa rolo, mkewe, na bibi anayekunja blanketi lake pembe kwa pembe. Hotuba ilikataa kabisa kuvimba.

"Mwasingya," alisema kwa Kinande. Akajaribu tena. "Mwasingya kutsibu." Kisha machozi yakamshinda, mtu mzima, juu ya kreti.

"Anasema nini?" Benoît alimnong'oneza mkewe.

"Anasema aksanti sana."

"Sawa. Na hiyo aksanti hainaka mukate?"

Walicheka mpaka mama wa rolo akapoteza mbili. Wakala ile ya mafuta ya nywele, yote hamsini, kwa chai, na hakuna aliyeilalamikia.

*

Siku hizi Siméon anapasha maji moto kabla ya kukanda, na mabeseni hayaguswi tena na saruji. Lakini kila Jumamosi beseni moja lazima liende mwisho wa avenue. Hakuna aliyeliomba. Ni Mukaka Kahongya anayetuma neno: "Mutoto wangu iko wapi leo?" Blanketi la chui halijarudi sandukuni, na usiku, inasemekana, bibi analala chini yake.

Mwezi wa tisa mvua zilirudi. Asubuhi moja Siméon alikuwa anatoka shuleni kwa sista na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa huku hubebea mizigo, kreti zake tupu zimefungwa mbele. Barabara ya Vuhovi inateremka hapo. Alikuwa amepiga goti moja juu ya ubao, upepo na manyunyu usoni, akifurahia mteremko kuliko alivyowahi kuufurahia ndani ya jeep.

Kwenye kona aliona mgongo mfupi, ulionyooka, chini ya mkungu wa ndizi. Kahongya alisikia magurudumu ya mbao, akageuka, akamtambua. Kisha akajiweka pembeni ya barabara, akainua kiganja chake, kwa adabu, kama mkubwa anayesalimia wananchi.

Siméon alikandamiza kwa kisigino kile kipande cha mpira kinachofunga gurudumu la nyuma. Chukudu ikateleza, ikampita bibi hatua tatu, ikasimama. Akarudi kwa miguu ndani ya matope.

"Leta mukungu, Mukaka."

"Na bureau?"

"Bureau niko mimi."

Bibi alilifikiria jibu hilo kutoka kila upande. Akatoa kamba kwenye kipaji. Siméon alifunga ndizi mbele ya kreti, akakaza.

"Na mimi?" Kahongya aliuliza.

"Na wewe."

Akapanda juu ya kreti kama anayepanda kitandani kwake, akashika ukingo kwa mikono miwili. Waliteremka kuelekea Butembo taratibu, Siméon akivuta mguu nyuma kupunguza mwendo, bibi akipiga vigelegele kila walipopita shimo. Mbele yao mwanamke mmoja alikuwa anatembea katika mvua, jembe begani, mtoto mgongoni. Siméon hakumfahamu.

Kahongya alimgonga goti kwa kiwiko.

"Simamisha," alisema. "Kuko fasi."